Plagi tatu na lita moja

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumamosi, nimejikunja ndani ya kirikuu yangu, kigari kidogo cha mizigo, kiti cha abiria kimeinuliwa, mfuniko wa injini uko chini kwenye mchanga, na mkononi nimeshika kidude hakizidi kidole changu, cheusi, ncha yake imeliwa mpaka imekuwa duara kama penseli ya mtoto wa darasa la kwanza asiyejua kuchonga.

Plagi.

Nikaigeuza, nikaifuta kwa kipande cha kanga, nikaiinua kwenye mwanga. Kuku wa jirani ndo kwanza wanatoka bandani. Mtu mwingine angesema haya, imeisha hiyo, tupa, weka mpya, twende zetu. Mimi nikakaa palepale mlangoni miguu inaning'inia nikaanza kuhesabu miezi, mwezi wa sita, wa tano, wa nne, narudi nyuma hadi mwezi wa pili, siku niliyomwambia dereva wangu wa kwanza "pumzika kwanza, nitakuita".

Sikumuita.

Hii kitu imenikaa rohoni wiki ya sita sasa. Nimeshaianza kuiandika mara tatu nikafuta, kwasababu kila nikiandika najikuta najitetea. Leo naiacha ilivyo.

## Nane, kumi na moja

Kirikuu yangu mnaijua, nimeshailalamikia humu vya kutosha. Suzuki Carry, cc 660, silinda tatu, injini ya K6A imelazwa chini ya makalio ya dereva, mkono wa tatu sijui wa nne. Inapanda Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, inashuka na kabichi, karoti, njegere, inaleta Morogoro mjini. Mimi nafundisha, kwahiyo siku za kazi anaendesha mtu mwingine.

Sikutaka mambo ya hesabu ya siku. Dereva wa hesabu anaendesha gari kama la adui yake, anajua jioni lazima mtu apewe hela yake hata kama gia zinalia. Nikasema mimi namlipa mshahara, na posho kila tripu, mafuta yangu. Nilijiona nina akili sana.

Hapo ndo ugonjwa wa daftari ulipoanza.

Kila tripu: jaza mpaka pampu ikate, nenda, rudi, jaza tena mpaka ikate, lita ngapi zimeingia, andika. Miezi ya mwanzo ilikuwa lita nane, siku nyingine nane na robo. Mwaka ulipoanza ikawa tisa na nusu. Halafu kumi. Halafu kumi na moja, ikakaa hapo kama imejengewa nyumba.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, namba zikipanda bila sababu natafuta mkono wa mtu, ndo kazi ninayofanya kila nikisahihisha mitihani. Na bei za mafuta mnazijua wenyewe, Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wale wanaopanga bei za mafuta, wakitangaza mimi nasoma kama matokeo ya Necta. Lita tatu za ziada, tripu nne kwa wiki, lita moja karibu elfu tatu, hiyo ni elfu 36 inapotea kila wiki na mimi mshahara wangu mnaujua ulivyo.

Risiti alikuwa analeta, zote, hajawahi kukosa hata moja. Ila risiti inaonyesha yaliyoingia kwenye tangi, haionyeshi yaliyonyonywa na mpira njiani. Nani asiyejua vidumu vya lita tano vinavyouzwa pembeni mwa barabara? Nikawa nakagua matope kwenye mfuniko wa tangi kama askari wa upelelezi. Siku moja nikakuta alama za vidole pale. Vidole vya nani? Vya mtu anayejaza mafuta kila siku, lakini siku ile sikufika huko kwa mawazo.

## "Pumzika kwanza"

Sikumfokea. Sikumwita mwizi. Nilimwambia tu kwamba biashara imelegea kidogo, pumzika kwanza, nitakuita.

Kila mtu nchi hii anajua maana ya hayo maneno.

Akaniangalia kidogo. Akasema "sawa Madam". Akaosha gari, na sikumwambia aoshe, akaniwekea jeki na spana ya matairi nyuma ya kiti, akanikabidhi funguo kwa mikono miwili. Akaondoka kwa mguu.

Kama ningeishia hapo labda leo nisingekuwa naandika. Baada ya kama siku kumi kuna mzee mmoja, naye ana kirikuu mbili, akanipigia, amesikia kijana yuko huru, anataka kumpa gari, je vipi, anafaa? Nikamwambia, na maneno yenyewe nayakumbuka kwasababu niliyachagua, "ni kijana mzuri sana, mstaarabu, ila kwenye mafuta umuangalie".

Hiyo "ila" ndo imenitoa usingizi.

Nikapata dereva wa pili, mtu mzima, kaja na sifa zote. Wiki ya kwanza, lita kumi na moja. Wiki ya pili, kumi na moja. Sasa hapo mtu mwenye akili angejiuliza kuhusu gari, si ndiyo? Unajua mimi nilihitimisha nini? Kwamba madereva wote wezi. Yani namba ileile, watu wawili wasiojuana, njia moja, na mwalimu wa hesabu akaona ni rahisi zaidi wote wawili wawe wameiba kiasi kilekile kuliko gari kuwa na ugonjwa.

## Mlimani, mimi mwenyewe kwenye usukani

Mwezi wa sita shule zimefungwa, dereva wa pili kafiwa kaenda kwao, mzigo wa watu uko juu Nyandira, hukohuko Mgeta, unaoza. Nikaenda mwenyewe.

Kwenda sikuona kitu. Gari tupu, redio juu, lami, ukifika Sangasanga unaiacha barabara ya Iringa unakata kushoto kwenda kupanda, na hata kupanda ikiwa tupu inaenda tu kwa kelele zake za kawaida. Nyandira wakapakia. Hapa niseme ukweli ambao wenye kirikuu wote tunaukwepa, hii gari kwao Japani imeruhusiwa kubeba kilo 350 na sisi tunaweka mpaka bodi inaomba msamaha. Nilihesabu magunia nikaacha kuhesabu.

Wasiojua ile njia wanadhani kutoka Mgeta kuja mjini ni kushuka tu. Kuna kushuka, halafu kuna kupanda ndani ya kushuka. Kwenye kilima cha kwanza, gia ya pili, nimekanyaga, gari ikaanza kutetemeka. Kutetemeka kwa kupwita, du-du-du-kimya, du-du-kimya, kama mtu mwenye kwikwi anayekazana kusoma risala. Nikazima redio. Nikaachia mafuta kidogo, ikatulia. Nikakanyaga, ikarudi. Lori nyuma linanipigia honi, kijana wa kushusha mizigo niliyempakia pembeni hana habari, anakula muwa, akasema bila hata kunitazama:

"Inamisi hiyo."

Yani kuna silinda haiwaki.

Kwa muda gani?

"Ah, siku nyingi. Kaka alikuwa anasema."

Kaka ndo yule wa kwanza.

Nilipofika mjini nikajaza mpaka pampu ikate. Lita kumi. Mikono yangu mwenyewe, hakuna mwizi kwenye gari labda niwe mimi, lita kumi.

## Kwanini mjini huisikii

Hiki kipande nakaa nacho kidogo kwasababu ndo kilichonimaliza.

Plagi kazi yake ni kurusha cheche kwenye kaupenyo kadogo kati ya ncha ya katikati na kale kakulabu ka juu. Koili inachukua volti 12 za betri inazipandisha mpaka maelfu kwa maelfu ndo cheche iruke. Kila cheche inang'oa chuma kidogo sana, hukioni kwa macho, lakini piga hesabu: injini ikiwa kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika kila plagi inapiga mara 2,000 kwa dakika hiyohiyo. Masaa matatu ya namna hiyo ni cheche 360,000 kwa plagi moja. Ndo maana NGK wenyewe kule Japani wanasema plagi za kawaida zibadilishwe kati ya kilomita 15,000 na 20,000, na kwa hivi vigari vya cc 660 nusu ya hapo, maana vidogo vinazungushwa sana ili vifanye kazi ya wakubwa. Mimi niliyenunua gari ina kilomita laki moja na kitu kwenye dashibodi sikuwahi hata kuuliza plagi zina umri gani.

Ncha ikiliwa upenyo unapanuka, upenyo ukipanuka cheche inataka volti nyingi zaidi kuruka. Ukiwa mjini, gari tupu, umekanyaga kidogo, hewa inayoingia kwenye silinda ni kidogo, shinikizo ni dogo, cheche inajitahidi inaruka. Ukiwa mlimani na mzigo umekanyaga mpaka chini, silinda imejaa, imebana, cheche inatakiwa ipasue ule msongamano wote. Hapo ndo inashindwa. Petroli ya silinda ile inatoka mbichi kwenye ekzosi, theluthi ya nguvu imekwenda, dereva anakanyaga zaidi kufidia. Na kuna maajabu mengine, sensa ya kwenye ekzosi inakuta oksijeni ambayo haikuungua, inadhani petroli imepungua, inaiambia kompyuta iongeze.

Kwahiyo gari inakunywa, na inamisi, na inaongezewa.

Na ugonjwa wenyewe unaonekana sehemu moja tu: mlimani, na mzigo. Yani unaonekana kwa dereva. Mwenye gari, anayeichukua Jumapili kwenda nayo kanisani ikiwa tupu redio iko juu, hawezi kuuona hata aendeshe mwaka mzima.

Mtauliza taa ya injini kwenye dashibodi. Nilikuja kugundua haiwaki hata ukifungua swichi. Balbu haimo. Aliyeniuzia aliitoa, na mimi nilifurahi siku ile kwamba dashibodi haina taa hata moja inayowaka.

## Chini ya kiti

Fundi wa kwanza niliyempelekea alisikiliza sekunde tatu akasema injini ifunguliwe. Nikamwambia ahsante. Ndo nikaamua zile plagi nazichomoa mwenyewe, kwa hasira kuliko kwa utaalamu.

Si kazi ngumu, ila ina sehemu za kuharibu. Injini iwe baridi kabisa, hedi ni ya alminiamu, ukichomoa ya moto unaweza kuondoka na thredi zake. Inua kiti, fungua mfuniko, koili zipo tatu kila moja na boliti yake ya namba kumi, chomoa soketi ya waya taratibu maana ile plastiki imeungua miaka na miaka inavunjika kwa kuitazama. Ukitoa koili unaona shimo. Usichomoe plagi bado! Mle kuna mchanga wa Mgeta wote, ukichomoa unadondokea kwenye silinda. Mimi sina kompresa, nilitumia pampu ya baiskeli ya mwanangu, nimepuliza mpaka macho yamejaa vumbi.

Ya kwanza ikatoka, ina rangi ya kahawia mkavu, imechoka lakini inaeleweka. Ya katikati ndo ile niliyoanza nayo. Nikaingiza fila geji ya kuazima, vile vibati vyembamba vya kupimia upenyo, upenyo wa plagi hizi unatakiwa uwe chini ya milimita moja, ile ilikuwa 1.4. Nyeusi, masizi makavu ya kufutika kwa kidole. Ya nyuma nilihangaika nayo karibu saa nzima, mkono hauingii, spana haizunguki, nikasema maneno ambayo mwalimu hatakiwi kuyasema mbele ya kuku.

Zote zimeandikwa DCPR7E. Nikaandika kwenye daftari. Daftari lilelile la mafuta, ukurasa unaofuata.

## Zinazoingia na zinazofaa

Duka la kwanza nikaonyesha plagi ya zamani, kijana akaenda nyuma akarudi na tatu, zinafanana kila kitu, ila namba ni 5 badala ya 7.

"Zinaingia hizi, Madam, hamna shida."

Kuingia zinaingia kweli. Lakini ile namba ni ya joto. Kwa NGK namba ikipanda plagi inamwaga joto haraka, ikishuka inalihifadhi. Ukiweka 5 kwenye injini iliyotaka 7, mjini itaenda vizuri tu, mlimani na mzigo ncha yake inaweza kuwa kaa la moto, mafuta yawake kabla ya cheche, injini ianze kugonga. Tena mlimani. Tena dereva ndo angesikia, na mimi ningesema amekanyaga vibaya.

Duka la pili namba ni sahihi, elfu nne moja, boksi zuri linang'aa. Nikakwangua maandishi ya kwenye ile kauri kwa ukucha, yakatoka. Nikamshukuru nikaondoka.

La tatu ni elfu 12 kila moja. Nilikuwa nimeazima mita kwa mwalimu mwenzangu wa fizikia, ile R kwenye jina maana yake ndani kuna rezista, ukipima kutoka juu mpaka ncha ya kati inatakiwa isome kama omu 5,000. Muuzaji alinishangaa akaniuliza kama natoka TBS, wale wakaguzi wa viwango. Zikasoma vizuri zote tatu. Elfu 36.

Ndiyo, elfu 36. Hesabu mliiona huko juu.

Kuzifunga nilitumia kipande cha mpira wa petroli, unaichomeka plagi kichwa kwenye mpira, unaizungusha kwa vidole, ikikaa upande mpira unateleza wenyewe kabla thredi hazijafa. Ikigoma kwa mkono ndo spana, kidogo, ule mchoro kwenye boksi unaonyesha. Watu wanakaza plagi kama nati za tairi.

Nikawasha. Sikutegemea ningesikia tofauti, lakini sailensi yake, ule mngurumo ikiwa imesimama, ilikuwa imetulia mpaka nikadhani imezima.

## Ile voisi

Jioni yake nikawa natafuta namba ya yule kijana. Sikuwa na uhakika nataka kumwambia nini, nilitaka tu kuona kama bado ninayo. Nikafungua maongezi yetu WhatsApp, risiti, risiti, risiti, picha ya tairi, risiti. Halafu voisi, tarehe 9 mwezi wa kwanza, sekunde 14, nilishaisikiliza siku ile maana ina tiki za bluu.

"Madam shikamoo. Madam hii gari huku mlimani inamisi, ikiwa na mzigo inavuta kama ya silinda mbili. Mjini huwezi kuisikia. Nahisi plagi zimechoka, tuziangalie."

Chini yake jibu langu: Marahaba, sawa tutaangalia wikiendi. Na dole gumba.

Na hapo nikakumbuka kitu nilichokuwa nimekisahau kabisa, na ningeomba nisingekikumbuka. Wikiendi ile niliangalia. Niliichukua gari Jumapili, tupu, redio juu, nikaenda kanisani nikarudi, ikaenda safi. Nikajiambia, kwa sauti kabisa, anatengeneza kisingizio cha mafuta.

Mtu ameniambia ugonjwa, ameniambia ulipo, ameniambia nisipoweza kuusikia. Mimi nikaenda kuusikiliza palepale aliposema hausikiki.

## Lita moja

Sasa msije mkanimalizia hadithi kwamba kijana hana kosa, mimi mbaya, mwisho. Ningeshaandika siku nyingi.

Baada ya plagi mpya tripu zimerudi lita nane na kitu. Safi. Lakini plagi mbovu mikononi mwangu zilikula kumi, na mikononi mwake zilikula kumi na moja. Kuna lita moja hapo.

Nimeizungusha hii lita usiku na mchana. Mimi nilienda mwezi wa sita njia kavu, yeye mwezi wa kwanza na wa pili, na Uluguru mvua yake haina adabu, matope yale yanakula mafuta. Mimi naendesha pole kama bibi harusi. Mzigo wangu sikuupima, wa kwake sikuupima. Pampu ya sheli ikikata haikati palepale kila siku. Na dereva wa pili naye kumi na moja, kwahiyo aidha wote walichukua lita ileile moja, aidha hakuna aliyechukua.

Aidha walichukua. Posho yenyewe niliyokuwa nawapa, nikiwa mkweli, lita moja ningechukua hata mimi.

Kwa wanafunzi wangu huwa nasema kama data hazitoshi usiandike jibu, andika "hazitoshi". Nina daftari zima la data, kurasa 60, lita kwa lita, na halina safu hata moja ya mzigo, ya mvua, ya nani kasema nini. Nilipima kitu kimoja tu, kile nilichokuwa nakishuku.

Nikampigia yule mzee wa kirikuu mbili. Nikamweleza yote, nikamwambia lile neno la mafuta nalifuta, gari ilikuwa mbovu. Akacheka vizuri tu, akasema "ah, Madam, hiyo ishapita, gari nilishampa mtu mwingine". Akaniuliza plagi nimenunulia wapi.

## Namba ngapi

Ilinichukua siku nane kumpigia kijana mwenyewe. Siku nane, na namba iko mkononi.

Akapokea kelele nyingi nyuma yake, akasema yuko njiani Dumila, yuko kwenye Fuso. Nikafurahi, nikasema kumbe sasa unaendesha Fuso. Akasema hapana Madam, utingo.

Nilikuwa nimeandika maneno ya kumwambia kwenye karatasi, kweli, kama somo. Yote yakapotea. Nikasema tu nimebadilisha plagi. Nikasema nimeisikia ile voisi. Nikasema nilikosea kutokukusikiliza, na nilimwambia mtu neno baya juu yako, samahani. Kimya. Nikadhani mtandao umekata. Nikaongeza kwamba kama anataka gari ipo, kuanzia hata wiki ijayo.

Akasema atafikiria. Kwa ule ule ustaarabu wake, na mimi nilijua maana yake kama yeye alivyojua maana ya "nitakuita".

Halafu akauliza:

"Umeweka namba ngapi?"

Saba.

"Sawa. Ile ya nyuma nani kaifunga?"

Mimi mwenyewe.

"Wewe mwenyewe?" Nikasikia anacheka kidogo, mara ya kwanza. "Ile spana haiingii vizuri pale, Madam, unaweza ukadhani umekaza. Ikiwa imelegea hutaisikia mjini. Sikiliza ukiwa na mzigo, kwenye kile kilima cha kwanza, itakuwa inapiga chi chi chi kama panya."

Fuso ikapiga honi, akasema ngoja Madam tunapima mizani, akakata.

Jumamosi iliyofuata nilipanda mwenyewe tena. Redio niliizima kuanzia Sangasanga.